Wifi anasema nilishirikiana na majambazi kwa kuwa sikupiga kelele

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Morogoro. Naomba jina langu lisitajwe kwa sababu wifi yangu husoma safu hii, na kusema kweli sijui kama naogopa aisome au natamani aisome.

Nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu. Kibanda ni cha huyo wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Yeye aliweka mtaji, mimi nakaa dirishani, mwisho wa mwezi ananipa mshahara na kidogo kwenye kamisheni. Tulikuwa tunaelewana vizuri sana, hata mwanangu wa pili nimempa jina la mama yao.

Mwishoni mwa Machi, jioni, nahesabu fedha ili nifunge, pikipiki ikasimama mbele. Nikadhani ni mteja. Mmoja akashuka, akainama dirishani kama anayetaka kunitajia namba, nikaona bastola. Tangu hapo sielewi kilichonipata. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Duka la jirani liko wazi, kinyozi yupo, watu wanapita. Mikono imekuwa ya baridi, miguu haisogei, lakini kichwani nimetulia kabisa, kana kwamba anayeibiwa ni mtu mwingine na mimi natazama. Akasema "fungua", nikafungua droo. Akasema "na nyingine", nikafungua na ile ya chini ambayo hata wateja wa kila siku hawaijui. Nikampa na simu za kazi. Wakaondoka. Jirani anasema nilibaki nimekaa palepale kimya, mpaka alipokuja mteja kutoa elfu kumi ndipo nikaanza kutetemeka na kulia. Zilikwenda shilingi 1,400,000.

Polisi walinihoji usiku uleule. Waliuliza sura ya yule mtu. Bastola ningeweza kuwachorea mpaka mkwaruzo uliokuwa ubavuni, lakini sura haipo. Nikasema walikuwa wawili. Siku chache baadaye nikakumbuka wa tatu aliyesimama ng'ambo ya barabara, nikarudi kituoni kuongeza. Wifi aliposikia hilo ndipo alipobadilika. Alisema mbele ya ukoo: "Mtu anayeibiwa hupiga kelele. Huyu kanyamaza, kawafungulia na droo ya siri, kakaa katulia, na leo maneno yanabadilika. Hapa kuna kitu." Anataka nilipe nusu kwa kukatwa mshahara, na nirudi kibandani nifanye kazi mpaka deni liishe. Mume wangu hasemi nimeshirikiana nao. Anasema, "Omba msamaha yaishe, ni dada yangu."

Linaloniumiza zaidi ni kwamba na mimi nimeanza kujiuliza. Mwaka juzi mwanangu alivuta sufuria ya maji ya moto jikoni. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshamdaka, nikaungua mimi mkono. Kwa nini siku ile mwili ulijua la kufanya, na siku ya bastola ukanisaliti? Au ni kweli sikujali kwa kuwa fedha si zangu?

Nikisikia pikipiki ya boksa inapunguza mwendo nyuma yangu, moyo unakwenda mbio na tumbo linavuruga mpaka natafuta choo. Saa nane za usiku naamka nimelowa jasho. Juzi mume wangu alinigusa bega kwa nyuma, nikamzaba kofi kabla sijageuka. Duka la dawa wamenipa dawa za vidonda vya tumbo. Jirani hunigawia vidonge vyake vya usingizi, nusu nusu, na naona vinanisaidia. Mume anataka niende hospitali. Naogopa nisije nikaandikwa nina matatizo ya akili, wifi akapata la kusema.

Niombe msamaha nilipe? Nirudi kibandani? Au niache kazi nigombane na ukoo mzima?

Mwanao, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Na kwa kuwa katika barua nzima sikuona mahali ulipoambiwa neno hilo, naomba nilirudie: pole sana.

Umeniuliza habari ya deni, kibanda na ukoo. Lakini chini yake kuna swali jingine unaloliuliza kwa sauti ndogo: mimi ni mtu wa namna gani, niliyenyamaza? Nitaanza na hilo, kwa sababu ukiendelea kujijibu kama unavyojijibu sasa, utalipa hata kisichodaiwa.

Wifi yako kasema mtu anayeibiwa hupiga kelele. Maneno hayo yanaingia akilini haraka, maana wengi wetu tunaamini hofu ina sura moja. Hata wataalamu kwa muda mrefu walitaja mbili tu. Mwaka 1915, mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huongeza kasi, damu huacha tumbo na kwenda kwenye misuli, mdomo hukauka. Hiyo ndiyo iliyokurusha jikoni ukamdaka mtoto. Kulikuwa na jambo la kufanya, na mwili ukalifanya kabla akili haijaulizwa.

Kibandani mambo yalikuwa mengine. Ukuta nyuma yako, dirisha mbele yako, na dirishani bastola umbali wa mkono. Hakuna pa kukimbilia, na anayepigana na risasi kwa mikono mitupu hushindwa. Hapo mwili mara nyingi hufunga breki. Misuli hukakamaa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka, sauti hukwama kooni, na akili hujitenga kana kwamba inatazama kwa mbali. Mtu huyo akiamriwa, hutii, na machoni pa watu huonekana ametulia. Kisha hatari ikipita na mwili ukalegea, kutetemeka na kulia huja kwa pamoja. Soma tena ulivyoniandikia habari za yule mteja wa elfu kumi.

Wanyama wanafanya vivyo hivyo. Mkamate kuku, mlaze chini umshike kwa muda, kisha umwachie taratibu. Mara nyingi atabaki amelala kama mfu, macho wazi, halafu ghafla atainuka na kwenda zake. (Usimwonyeshe wifi yako jambo hili, atadhani unamdhihaki.) Kwa binadamu, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahoji wanawake 298 waliofika kliniki moja ya Stockholm, Sweden, baada ya kubakwa. Asilimia 70 walisema waliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Nakutajia hao kwa sababu na wao wameulizwa, mahakamani na majumbani mwao, swali lile ulilouliziwa wewe: mbona hukupiga kelele?

Kwa hiyo unaposema mwili ulikusaliti, nina wasiwasi na neno lenyewe. Hivi ungepiga kelele, kidole kilichokuwa kwenye bastola kingefanya nini? Mimi sijui, na sitaki kukudanganya kwamba ukimya ndio uliokuokoa. Ila hata anayekulaumu hajui. Anaifananisha jioni iliyotokea na jioni nyingine aliyoitunga, na katika hiyo ya kutunga wewe unapiga kelele na majambazi wanakimbia. Kuhusu kutojali kwa sababu fedha si zako, asiyejali hulala usingizi.

Kumbukumbu nayo usiishangae. Mbele ya silaha, jicho hung'ang'ania silaha, na ndiyo maana unao mkwaruzo wa bastola lakini sura huna. Wanaofuatilia ushahidi wa mashuhuda wameliona jambo hilo kwa miaka mingi. Vipande vingine huja baadaye, bila mpangilio. Ulipomkumbuka wa tatu ulirudi mwenyewe kituoni kusema, na nadhani anayeficha kitu angepata sababu zaidi za kukaa kimya. Hakikisha tu maelezo yale yameandikwa kama nyongeza, na utunze namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

Hata hivyo nikuonye. Haya yote hayathibitishi kwamba hukushirikiana nao. Yanachofanya ni kuonyesha kuwa ukimya wako si ushahidi wa lolote. Wifi yako hawezi kuingia kifuani mwako akaona. Ukienda kwake na elimu ya amigdala, ile sehemu ndogo ya ubongo inayopiga mbiu ya hatari, ukategemea atalia na kukukumbatia, unaweza kurudi umeumia mara mbili.

Na yeye nimemfikiria. Milioni moja na laki nne alizitoa wapi? Kama zilitoka kikobani, kila wiki kuna watu wanamtazama usoni. Hakuona bastola, lakini na yeye ametishwa, na mwenye kutishwa hutafuta wa kumshika. Majambazi hawapo, hawana jina, wala hawana mlango wa kugonga. Wewe upo. Kuamini kwamba kuna mtu aliyepanga kunaweza hata kumpa nafuu kuliko kuamini kwamba jambo kama lile linaweza kumpata yeyote, jioni yoyote. Simtetei; kumtuhumu mke wa mdogo wake mbele ya ukoo ni jambo zito, na siku moja atahitaji kulifuta mbele ya watu haohao. Nauliza tu kama kuna aliyemwambia yeye pole kwa mtaji wake, au tangu siku ile mnazungumza kwa kupitia mumeo.

Sasa njia zako.

Kuomba msamaha yaishe. Naelewa kwa nini mumeo anaitamani njia hii; amekaa katikati na kila upande unamvuta shati. Lakini "pole kwa hasara iliyotupata" na "nisamehe, nilikosa" ni maneno mawili tofauti, na ukoo una kumbukumbu ndefu. La kwanza unaweza kulisema leo bila kupoteza kitu. La pili ukilisema ili upate amani ya wiki mbili, litakuwa ungamo lako kwa miaka ishirini. Ikiwa wewe na mumeo mnaona ni haki kumsaidia kubeba hasara, kwa sababu ni dada na kwa sababu kibanda kiliwalisha na nyinyi, mnaweza kuchangia, ila iandikwe kuwa ni mchango, mbele ya mzee wa ukoo au mwenyekiti wa mtaa. Kukatwa mshahara ni suala lingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mwajiri akate kufidia hasara pale tu iliposababishwa na kosa la mfanyakazi, baada ya kumweleza kwa maandishi na kumpa nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Msaidizi wa kisheria wa karibu anaweza kukueleza zaidi. Kuitoa sheria hiyo mezani ni hatari pia: baadhi ya koo, mtu akitaja kifungu, mazungumzo yamekwisha na ugomvi umeanza. Unaweza ukaijua na ukaiweka mkobani.

Kurudi kibandani. Hapa naona ukoo umechanganya mambo mawili, kupona na kulipa. Ni kweli kwamba hofu ya namna hii hupungua kwa kukaribia kile kinachotisha, kidogo kidogo, mpaka mwili ujionee wenyewe kwamba boksa inasimama na hakuna kinachotokea. Unaweza kupita pale mchana na mumeo, msisimame. Siku nyingine ukasimama kwa jirani, ukanunua vocha, ukangoja moyo utulie ndipo uondoke. Usiondoke ukiwa kwenye kilele cha hofu ukiweza. Hofu ikikushika, toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko ile uliyovuta, mara kadhaa. Ni kitu kidogo, lakini kuvuta pumzi ndiyo sehemu pekee ya mtambo huu wote unayoweza kuishika kwa makusudi. Ila kurudi moja kwa moja, peke yako, mpaka giza, na juu yake unahesabiwa kila senti kama mshukiwa, si kukaribia kidogo kidogo. Hapo hofu na fedheha vitakaa kiti kimoja. Ukifikiria kurudi, pana mambo ya kujadili kwanza: kufunga kabla ya magharibi, fedha nyingi zisilale droo, mtu wa pili awepo. Na hayo yanamlinda wifi na mtaji wake pia, huenda mkaanzia hapo mazungumzo.

Kuacha. Siku ya kwanza utapumua. Shida ya kukwepa ni kwamba nafuu yake hufundisha mwili kuwa pale palikuwa na mauti kweli, na kesho utaanza kukwepa stendi, kesho kutwa barabara nzima. Wengine nao watasema umekimbia. Lakini kuna kazi ambazo mtu huziacha kwa akili timamu, na kukaa mbele ya fedha za watu bila ulinzi ni mojawapo. Mimi ningejiuliza hivi: ningeiacha kazi hii hata kama wifi angeniamini? Jibu lako kwa swali hilo linaweza kukuonyesha unakimbia nini.

Mwili wako umekueleza mengi, na naona hapo ndipo ulipopita haraka. Tumbo kuvuruga ghafla boksa inapopunguza mwendo ni mwendelezo wa ile kazi aliyoieleza Cannon. Mwili unajiandaa kwa hatari, na tumbo halina nafasi. Huku kwetu kila tumbo linalouma ni vidonda. Basi jua kwamba vidonda vyenyewe mara nyingi husababishwa na bakteria, Helicobacter pylori, jambo ambalo Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuligundua, au na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Vinapimwa. Pima kwanza, umeze baadaye.

Lile kofi: mwambie mumeo awe anakuita jina kabla hajakugusa, na aje kwa mbele. Asilichukulie kuwa limepigwa kwa ajili yake.

Vidonge vya jirani vinanitia hofu kuliko wifi. Vingi vya aina hiyo ni vya jamii ya diazepamu. Vinalaza, ndiyo, lakini mwili huvizoea upesi, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2013 linasema watu wazima wasipewe dawa za jamii hiyo kwa ajili ya mshtuko au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Lakini kama umekuwa ukimeza kila siku, usiache ghafla leo usiku kwa sababu umenisoma. Kuacha kwa ghafla kuna madhara yake. Hilo la kupunguza lipangwe na daktari.

Ndiyo maana narudi kwenye hospitali. Kushtuka, jasho la usiku na moyo kwenda mbio katika wiki za mwanzo huwapata wengi, na kwa wengi hutulia. Kwako imeshapita zaidi ya mwezi, na imeanza kuingia katika ndoa na usingizi. Unaogopa kuandikwa. Najua watu wakisikia "afya ya akili" wanaiona Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Kinachoendelea katika kliniki ya hospitali ya mkoa kwa mtu kama wewe aghalabu ni kukaa kwenye kiti na kuzungumza, wiki baada ya wiki, na mtu aliyefundishwa kukusaidia kuirudia ile jioni bila kuzama ndani yake. Kilichoandikwa kwenye faili lako ni siri ya tabibu. Wifi atajua ukimwambia, au mumeo akimwambia, basi kubalianeni nyumbani kabla ya kwenda.

Mumeo mpe barua hii aisome, yako na yangu. Nadhani hajui kwamba na wewe umeanza kujishuku. Anafikiri vita iko kati yako na dada yake tu.

Ukienda hospitali chukua na ile pakiti ya jirani, daktari atataka kuona jina la dawa na kujua umekuwa ukimeza kiasi gani. Na mumeo aingie nawe chumbani ikiwa umeridhia, maana yeye ndiye anayekuona saa nane za usiku.